Bagamoyo, Lushoto au Morogoro: wapi kikundi kiende kuchora wikiendi hii?

Kikundi cha watu kumi hivi wa Dar es Salaam kikiamua kutoka Ijumaa na kurudi Jumapili kwa ajili ya kuchora tu, majadiliano huishia kwenye majina matatu: Bagamoyo, Lushoto na Morogoro. Kila mtu ana picha aliyoiona kwenye simu, na kila picha inavutia. Lakini uzuri wa mahali haukuambii kama watu watapata pa kukaa, wachore, na wamalize walichokianza. Vikundi vingi huchagua kwa macho, halafu Jumapili jioni wanarudi na picha nyingi za simu na michoro miwili isiyokamilika.

Hapa tunazilinganisha sehemu hizo tatu kwa mambo matano yaleyale.

Tunapima nini

La kwanza, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni saa za kuchora: saa ambazo mtu ameketi na penseli mkononi, bila kuhesabu safari, chai wala kutafuta kivuli. Mchoro wa penseli wa A4 wenye vipimo vya kuaminika huchukua dakika 40 hadi 60. Wa rangi za maji huchukua saa moja na nusu hadi mbili, pamoja na kusubiri ukauke. Wikiendi yenye saa chini ya nane humnyima anayeanza nafasi ya kukosea na kurudia kitu kilekile, na kurudia ndiko kunakomfundisha.

La pili ni mwanga na hewa. Sehemu zote tatu ziko kati ya nyuzi 4 na 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri vivuli ni vifupi, ukuta hauna upande wa giza, na mti huonekana bapa. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa karibu utosini. Juni na Julai huegemea kaskazini, hivyo ukuta hutoa kivuli upande wa kusini. Desemba ni kinyume. Mwanga wa kuchora ni ule wa saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, na wa saa tisa na nusu alasiri hadi magharibi. Jua likishazama una dakika ishirini na kitu tu za kufunga mizigo.

Mengine matatu ni vitu vinavyochorwa na ugumu wake, safari na gharama, na mwisho ruhusa na watu wa mahali.

Bagamoyo na Kaole

*Saa za kuchora.* Ni kama kilometa 70 kaskazini mwa Dar. Kwa gari ni saa moja na nusu barabara ikiwa nyeupe, au saa mbili na nusu foleni ya Tegeta na Bunju ikikukamata. Kikundi kikiondoka Ijumaa jioni kinalala hukohuko, na Jumamosi saa kumi na mbili na nusu kila mtu ameshakaa. Pata saa tatu na nusu asubuhi, mbili na nusu alasiri, na Jumapili vilevile hata ukiondoka jioni. Jumla ni saa 11 hadi 12 bila kuomba ruhusa kazini.

*Mwanga na hewa.* Kuna joto na upepo wa bahari, na vyote viwili vinakausha rangi haraka mno. Unapaka anga, na kabla hujafika katikati ya karatasi ukingo umeshakauka na kuacha mstari usiofutika. Dawa yake ni kulowesha karatasi pande zote mbili, kusubiri mng'ao wa maji upungue, kisha kupaka kutoka juu kushuka chini huku ubao umeinama kidogo. Rangi ichanganywe mara mbili ya unayodhani itatosha, kwa sababu ukisimama kuchanganya nyingine umeshapoteza anga. Tumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya gramu 160 inafaa penseli na wino tu, maji yakiigusa hujikunja. Na usichore huku jua linapiga karatasi. Weupe wake hukudanganya, unaongeza giza, na ukiingia ndani mchoro wote unaonekana mweusi.

*Vitu vya kuchora.* Hapa ndipo Bagamoyo ina utajiri usio wa kawaida kwa mji mdogo. Katika mji mkongwe kuna milango ya nakshi, na mlango ni somo zuri la vipimo. Wengi huanza na maua ya nakshi, wakifika chini wanagundua mlango umekuwa mfupi. Anza na miimo na kizingiti, pima upana umeingia mara ngapi kwenye urefu, weka mfaa (ubao wa wima unaoziba pengo kati ya milango miwili) katikati, na nakshi ije mwisho, tena upande mmoja tu. Upande wa pili dokeza. Kuna Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897. Kuna misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mnara wa kanisa la kale ulipowekwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar.

Kaole iko kama kilometa 5 kusini mwa mji, na huko ndiko penye utulivu wa shamba: magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, na mibuyu. Kosa la kawaida pale ni kuchora kila jiwe. Chora umbo zima la ukuta kama kipande kimoja cha kivuli, halafu onyesha mawe machache pale mwanga na giza vinapokutana. Magofu hufunguliwa mchana, kwa hiyo yapange kwa alasiri, na alfajiri iache kwa ufukweni.

Ufukweni kuna bahari inayopanga ratiba yako. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri. Nusu ya mwezi ikifika mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, yanapwa alasiri. Kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mashua iliyolala mchangani ni kitu kizuri cha kuchora kwa sababu imetulia, imeinama, na mlingoti na foromali (mti unaoshika tanga) vinatengeneza pembe zinazosomeka. Ila maji yakianza kurudi una saa mbili, pengine tatu, kabla haijanyanyuka na kugeuza omo, yaani mbele yake, upande mwingine. Kwa hiyo umbo la chombo kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma, likamilike katika dakika 15 za kwanza. Rangi na kamba zinaweza kusubiri. Kikundi kisichotazama kalenda ya mwezi hufika ufukweni na kukuta vyombo vyote vinaelea na kuzunguka.

*Safari na gharama.* Nafuu kuliko zote tatu. Daladala zipo, bajaji za kwenda Kaole zipo, nyumba za wageni za kila bei zipo. Hakuna ulazima wa kukodi gari.

*Ruhusa na watu.* Kaole hulipiwa kiingilio, na raia na mgeni hawalipi sawa. Sokoni kwa samaki usisimame njiani wakati wa mnada. Keti pembeni, salimia, omba kabla ya kumchora mtu, na ukimaliza mwonyeshe. Mji umezoea wasanii kwa sababu Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iko hapo, kwa hiyo mtu mwenye daftari hashangazi sana. Sehemu za ufukwe zisizo na watu usiende peke yako na begi. Nendeni watatu au zaidi.

Inawafaa wanaoanza, wenye miguu isiyopenda milima, na wale ambao Ijumaa hawatoki kazini mapema. Anayetaka ukimya wa mashamba na upeo mpana hataupata, isipokuwa pande za Kaole.

Lushoto na Irente

*Saa za kuchora.* Hapa hesabu inauma. Kutoka Dar unapita Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha unapanda kona kama kilometa 33 kupitia Soni. Ni saa sita hadi nane. Ukiondoka alfajiri ya Ijumaa unapata saa moja na nusu jioni hiyo, Jumamosi nzima, na saa moja Jumapili kabla ya kushuka. Kinachoikomboa Lushoto ni ubaridi: adhuhuri, ambayo Bagamoyo hutupwa, huku unaweza kuendelea kuchora. Jumla ni saa 9 hadi 10. Ukiondoka Ijumaa baada ya kazi, ondoa hizo za jioni, na utapanda kona za Mombo usiku na watu waliochoka. Hatushauri. Ila ikitokea Jumatatu ni sikukuu, hesabu yote inabadilika, unapata zaidi ya saa 16, na Lushoto inapanda juu sana.

*Mwanga na hewa.* Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti usiku ni wa sweta na blanketi zito, na ukungu wa asubuhi unaweza kukaa hadi saa tatu au nne. Tatizo la rangi za maji linageuka: hazikauki. Ukiweka tabaka la pili juu ya la kwanza lililo bichi, la chini hunyanyuka na yote mawili huwa tope. Punguza ukubwa hadi A5, tumia matabaka mawili tu, na chora karatasi mbili kwa zamu ili moja ikauke huku unashughulikia nyingine. Asubuhi za ukungu weka brashi pembeni kabisa; penseli laini za 2B na 6B au wino usioyeyuka vinatosha. Karatasi ambazo hazijatumika zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha unyevu, kwa sababu karatasi iliyovuta unyevu siku mbili hunywa rangi kwa madoa. Lakini daftari lenye kurasa mbichi usilifunge humo, litaota ukungu.

*Vitu vya kuchora.* Irente iko kilometa chache kutoka mjini: mwamba unaokatika, na chini yake, karibu mita 1,000, tambarare inayoishia machoni. Ni mandhari ya kushika roho, na ni mtego kwa mchoraji. Ukitaka kuichora yote unapata mistari ya mlalo isiyo na uzito. Gawa mandhari katika viwango vitatu tu vya giza la penseli: mwamba na miti ya karibu iwe nyeusi, mteremko wa katikati uwe wa kati, tambarare iwe nyepesi karibu kama karatasi yenyewe. Kitu kimoja cha karibu kikae theluthi ya chini, kiwe kipimo. Nenda asubuhi ukungu ukishapanda. Jioni jua linakuja usoni na tambarare inazama kwenye vumbi la mwanga.

Mashamba ya ngazi ya Wasambaa yanataka jicho lingine. Mistari ya matuta hufuata tumbo la mlima, na anayeichora imenyooka amelibapaza shamba. Chora kwanza mteremko wenyewe, halafu matuta yaupande. Na kijani: kile cha kwenye kisanduku cha rangi ni kikali kuliko kijani chochote cha Usambara. Changanya bluu na njano, kisha tia kahawia ya udongo kidogo. Maporomoko ya Soni yanafaa michoro ya haraka ya dakika kumi kumi, siyo kazi ndefu.

*Safari na gharama.* Basi la kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, linafika hadi mjini Lushoto, lakini kikundi cha watu kumi na zaidi hufaidika na Kosta ya kukodi, kwa kuwa vituo vya kuchora vimeachana. Wanaotoka Tanga au Moshi wasome hesabu hizi upya. Kwao Mombo iko karibu zaidi na saa za kuchora zinaongezeka. Wenye kichefuchefu wakae mbele na wasile kishibe Mombo.

*Ruhusa na watu.* Msitu wa Magamba ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali chake kilipiwe kabla. Njia nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu: salimia, uliza pa kukaa, usikanyage matuta. Mwongozaji wa hapo mjini hulipwa kwa siku na thamani yake inaonekana upesi, kwa sababu anajua nani ana shamba gani.

Inawafaa walioshazoea, wapenzi wa mandhari kubwa, na kikundi kinachoweza kuchukua Ijumaa nzima. Kwa mzee mwenye magoti mabovu au mtu anayechora mara ya kwanza maishani, ukubwa wa Irente unaweza kumkatisha tamaa.

Morogoro na milima ya Uluguru

*Saa za kuchora.* Kwa barabara ni kilometa 190 na ushee. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro mwaka 2024, safari ni chini ya saa mbili au karibu na hapo, kutegemea treni. Ijumaa jioni unafika, Jumapili jioni unarudi. Saa zinaweza kuwa 10 hadi 11, lakini ukichagua kupanda mlimani hadi Morning Side kwa miguu, toa saa mbili hadi tatu za kupanda na karibu mbili za kushuka.

*Mwanga na hewa.* Mji umekaa upande wa kaskazini-magharibi wa milima. Asubuhi jua hutokea nyuma ya Uluguru, na unachoona ni umbo jeusi la mlima bila makunyanzi. Alasiri jua hugeuka na mabonde yanajitokeza moja moja. Lakini mawingu hukaa juu ya vilele kuanzia asubuhi inapokaribia kwisha, na kilele cha Bondwa chenye minara yake kinaweza kufunikwa saa nzima. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: asubuhi na mapema chora mstari wa vilele kwa dakika kumi, alasiri rudi na karatasi hiyohiyo uweke vivuli vya miteremko. Joto la mjini ni kama la pwani bila upepo, kwa hiyo rangi hukauka kwa mwendo unaovumilika.

*Vitu vya kuchora.* Bwawa la Mindu, barabara ya Iringa, lina mpangilio rahisi kuliko vyote: maji, ufuko, milima nyuma. Anayeanza anaupata mchoro mzima pale. Morning Side, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, unapata mashamba ya Waluguru, migomba, na mji chini. Sokoni asubuhi kuna watu na mizigo ya mboga iliyoshuka kutoka mlimani. Michoro ya dakika mbili mbili, bila kufuta.

*Safari na gharama.* Tiketi za treni za Ijumaa na Jumapili jioni zikatwe mapema. Stesheni iko nje ya katikati ya mji, basi tengeni nauli ya daladala au bajaji. Kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe: ubao wa plaiwudi wa A3 wa milimita 4, klipu nne, kiti cha kukunja, chupa mbili za maji, moja ya kunywa. Vistendi vya miguu mitatu viacheni nyumbani.

*Ruhusa na watu.* Sehemu za juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, nayo inataka kibali. Stesheni, madaraja ya reli na kambi za jeshi msizichore wala kuzipiga picha bila idhini. Askari akiuliza, fungeni madaftari na elezeni kwa upole.

Inakifaa kikundi mchanganyiko, nusu wanaotaka kupanda mlima na nusu wanaotaka kukaa kando ya maji. Haimfai anayetaka majengo ya kale.

Msimu na idadi ya watu

Masika, Machi hadi Mei, ni mabaya kwa zote tatu, na barabara za juu Uluguru na Usambara huteleza. Juni hadi Septemba ni wakati mzuri wa Bagamoyo na Morogoro; Lushoto nayo ni nzuri ukivumilia baridi. Januari na Februari Lushoto ni mahali pa kukimbilia joto.

Watu wanane kwa kiongozi mmoja anayefundisha ni mwisho. Kumi na wawili wakae makundi mawili yasiyo mbali, la sivyo kiongozi atatumia asubuhi nzima kutembea. Gharama zigawanyeni mafungu mawili: zile zisizobadilika, kama gari na mwongozaji, na zile za kila kichwa, kama kulala, kula na viingilio. Watu wawili wakijitoa dakika ya mwisho, Lushoto ya Kosta hupanda bei kwa kila aliyebaki, ilhali Bagamoyo ya daladala haitikisiki.

Kwa hali yenu

Mna wikiendi ya kawaida na zaidi ya nusu ni wanaoanza: Bagamoyo, na mchague Jumamosi iliyo ndani ya siku mbili za mwezi mpevu au mwandamo kama mnataka vyombo mchangani asubuhi.

Mna siku tatu au nne, mmeshachora pamoja kabla, na mnataka kazi ya penseli na wino zaidi ya rangi: Lushoto.

Hamna gari, mmechanganyika kwa umri na nguvu: Morogoro kwa treni, Mindu Jumamosi alasiri, Morning Side kwa wanaotaka Jumapili alfajiri.

Mna mtoto au mzee: Bagamoyo, au Morogoro bila mlima. Mna mtu anayechora kwa rangi za maji tu na hataki kubadilika: Morogoro itamtendea haki kuliko Bagamoyo yenye upepo na Lushoto yenye ukungu. Mnataka kuchora watu: soko la Morogoro au ufukwe wa Bagamoyo.

Na kama kikundi kimegawanyika nusu kwa nusu, andikeni tarehe, angalieni mwezi uko wapi siku hiyo na kama tiketi za treni za Jumapili jioni bado zipo. Maji yakiwa yamejaa asubuhi na tiketi zipo, nendeni Morogoro. Tiketi zikiwa zimekwisha, Bagamoyo bado inawafaa, ila vyombo vya mchangani vihamishieni alasiri na magofu ya Kaole asubuhi mara yanapofunguliwa.